Kuigawanya Saa Bila Kuitia Kelele: Mwongozo kwa Wapenda Redio wa Kandokando ya Ziwa

Setilaiti ya Es'hail-2, mali ya Qatar, iliyorushwa tarehe 15 Novemba 2018 ikiwa imebeba chombo cha QO-100, ambacho ni cha kwanza cha wapenda redio wa ridhaa kuwekwa mahali ambapo setilaiti huzunguka sawasawa na dunia na kwa hiyo huonekana kana kwamba imesimama, iko juu ya ikweta katika longitudo ya digrii 25.9 Mashariki, na kwa kuwa Mwanza iko digrii saba tu mashariki ya hapo, na digrii mbili na nusu kusini ya ikweta, mtu aliyeko Capri Point au Nyegezi akitaka kuielekezea dishi lake sharti alinyanyue hadi digrii 81 kutoka upeo wa macho, karibu na utosi kabisa, huku akililaza kidogo upande wa magharibi. Hapana mti, wala jabali, wala ghorofa ya jirani iwezayo kuikata njia hiyo, na katika mji uliojaa majabali hiyo si neema ndogo. Dishi la mviringo kamili likielekezwa juu namna hiyo hukusanya maji ya mvua, kwa hiyo litobolewe tundu dogo katikati. Lile la kawaida la televisheni, ambalo LNB yake, yaani kile kichwa kipokeacho mawimbi, hukaa pembeni, halina taabu hiyo.

Walakini kulielekeza dishi ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo nyepesi. Mawimbi ya QO-100 yachukuayo sauti na maandishi hushuka katika frikwensi ya megahezi 10,489.5 hadi 10,490, ambayo redio ya mezani haiwezi kuipokea moja kwa moja, na kwa sababu hiyo LNB huishusha kwanza kwa kuichanganya na wimbi lake la ndani la megahezi 9,750. Na LNB nyingi za siku hizi hulipata wimbi hilo kwa kuikuza mara 390 frikwensi ya kristali ndogo ya megahezi 25. Sasa, kila saa, nami nakusudia mpigo uendeshao mitambo ya umeme, si ile itundikwayo ukutani, ina kasoro yake: mpigo mmoja hutangulia kwa chembe ya wakati, wa pili huchelewa, na mtikisiko huo ndio uitwao kelele za fezi. Frikwensi ikikuzwa mara 390, kelele hizo nazo hupanda kwa desibeli 52 kasoro kidogo, hata saa iliyokuwa safi mno katika megahezi 25, yenye kelele zilizo desibeli 150 chini ya wimbi lenyewe kwa kila hezi moja, ikifika katika megahezi 9,750 hubakiwa na desibeli 98 tu. Wala si wapenda redio peke yao wasumbuliwao na jambo hili. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina rada yake hapa Mwanza, na rada yoyote ya Doppler huyatambua mawingu yatembeayo kwa kulinganisha fezi ya mwangwi mmoja na ya ule uufuatao. Saa ya rada ikitikisika, hata majabali, ambayo hayajaondoka mahali pake tangu kuumbwa kwake, yatahesabiwa kuwa yanakwenda.

Njia tutakayoifuata katika mwongozo huu ni hii: kuchukua osileta nzuri ya megahezi 100, ya aina iwekwayo ndani ya kijumba chenye joto lisilobadilika, kuigawanya kwa 4 ili tupate megahezi 25 za kuilisha LNB badala ya kristali yake, na kuigawanya kwa 10 ili tupate megahezi 10 ambazo vyombo vya vipimo huzitumia kama rejeo. Kazi hiyo tutaikabidhi chipu ya mantiki ipangikayo, ile ijulikanayo kwa herufi CPLD, ambayo hutoka kiwandani ikiwa haina kazi maalumu, na mwenye nayo huiandikia mwenyewe sakiti aitakayo. Nami nakiri mapema kwamba mtu asiyehitaji ila kugawanya kwa 4 tu angeweza kununua flipuflopu mbili za kawaida zenye kasi ya kutosha na kustarehe. Faida ya chipu ipangikayo huonekana pale unapotaka vigawanyo kadhaa katika ubao mmoja, nawe hujui kesho utataka kingine kipi. Vivyo hivyo si kila kazi istahiliyo taabu hizi. Mvuvi wa sangara anayetazama samaki kwa kipimakina cha kilohezi 200 hana haja ya saa safi kiasi hicho, kwa kuwa mwangwi wake haukuzwi mara mia nne kabla ya kusomwa, na kigawanyi chochote kitamfaa.

Kanuni ya kwanza ya kuijua ni kwamba kugawanya, kwa asili yake, husafisha. Chembe ya wakati ambayo ukingo mmoja umechelewa haibadiliki ukingo huo upitapo katika kigawanyi, lakini kipindi cha wimbi kimerefuka, na kwa hiyo chembe ile ile imekuwa sehemu ndogo zaidi ya kipindi. Ukigawanya kwa 10, kelele za fezi hushuka kwa desibeli 20, na ukigawanya kwa 4, hushuka kwa desibeli 12. Lakini ahadi hii ina masharti. Kigawanyi cha kidijiti huchagua kingo chache na kuziacha nyingine, na kufanya hivyo ni sawa na kupima wimbi mara chache kuliko ilivyostahili, hata zile kelele zilizotapakaa mbali na wimbi lenyewe hukunjika na kurudi karibu nalo. Na kwa kelele za namna hiyo, kugawanya kwa 10 hukupa desibeli 10 tu, si 20. Claudio Calosso na Enrico Rubiola, wataalamu wa upimaji wa wakati, walilichambua jambo hili katika makala yao ya mwaka 2013, wakaonyesha kwamba kigawanyi kikitengenezwa kwa nakala kadhaa za wimbi moja zilizopishana kwa mpigo mmoja mmoja, kisha zikajumlishwa kwa risista hata wimbi litokalo likawa na umbo la pembetatu yenye ngazi, kingo zote za saa ya awali huwa zimeshiriki katika jawabu, na kukunjika huko hupungua. Ni fikra nzuri, na chipu ipangikayo huitekeleza kwa urahisi. Ila kwa kazi yetu ya LNB inatosha kuweka kichujio chembamba cha koili na kapasita baada ya osileta, kabla ya kuingia katika chipu, ili zile kelele za mbali zisipate mlango.

Ama neno kubwa nililo nalo katika mwongozo huu ni kwamba usafi wa saa iliyogawanywa hauamuliwi na hesabu ifanywayo ndani ya chipu, hata hesabu hiyo iwe ndefu namna gani, bali huamuliwa na kingo mbili tu: ule uingiao kutoka kwenye osileta, na ule wa mwisho utokao katika flipuflopu iliyo mlangoni. Kila senti na kila saa ya kazi uliyo nayo itumie hapo.

Tuanze na ukingo uingiao. Osileta nyingi nzuri hutoa wimbi laini lenye mapindo, si mraba, na chipu huamua kwamba ukingo umefika pale volteji ikatizapo kizingiti chake. Kelele zozote zilizopandana na wimbi hilo huusogeza wakati wa kukatiza, na husogeza zaidi kadiri wimbi lipandavyo polepole. Hesabu yake ni nyepesi. Wimbi lenye nguvu ya miliwati 10 katika omu 50 hufikia kilele cha volti 1. Likiwa la megahezi 10, hukatiza kizingiti kwa kasi ya volti 0.063 kwa nanosekunde, na milivolti 1 ya kelele huugeuza wakati kwa pikosekunde 16; likiwa la megahezi 100, kasi yake ni mara kumi, na milivolti ile ile huzaa pikosekunde 1.6 tu. Hii ndiyo sababu mojawapo ya kuanza na megahezi 100 badala ya 10, na ndiyo sababu pia ya kulipandisha wimbi kwa transfoma ndogo iongezayo volteji maradufu kabla ya kuliingiza. Lipitishe katika kapasita, kisha uliegemeze kwa risista mbili karibu na kizingiti cha chipu, ambacho kwa chipu nyingi za volti 3.3 kiko kiasi cha volti moja na nusu. Mwenye uwezo na atumie chipu ya LTC6957, iliyotengenezwa makusudi kuyageuza mapindo kuwa mraba pasipo kuongeza kelele nyingi. Na yule ambaye osileta yake hutoa mraba tangu mwanzo hana la kufanya hapa ila kuuleta kwa njia fupi.

Wimbi hilo sharti liingie kwa mguu maalumu wa saa, si kwa mguu wowote ulio wazi. Katika chipu ya XC9572XL miguu ya namna hiyo ni mitatu, na katika ile ya EPM240 ni minne. Njia itokayo hapo hufika katika flipuflopu zote kwa pamoja bila kupita katika mantiki nyingine, ilhali mguu wa kawaida huilazimisha saa kupenya katika milango inayoshiriki umeme na kila kazi nyingine ya chipu. Wala usiipitishe saa katika mlango wa mantiki kwa ajili ya kuizima na kuiwasha. Kama unahitaji kuizuia hesabu, tumia ruhusa ya flipuflopu yenyewe.

Sasa hesabu. Wanafunzi hufundishwa kwanza kaunta ya kupokezana, ambamo flipuflopu ya kwanza huiamsha ya pili, na ya pili huiamsha ya tatu. Kaunta hiyo uiweke mbali kabisa na kazi hii, kwa kuwa kila mpokezano huongeza ucheleweshaji wake na mtikisiko wake, na wa mwisho huchukua madhambi ya wote waliomtangulia. Flipuflopu zote ziamshwe na saa moja. Na kati ya kaunta za namna hiyo, niipendayo ni pete iliyopindwa, inayoitwa kwa jina la Johnson, ambamo flipuflopu zimefuatana na ile ya mwisho huirudishia ya kwanza jawabu lake likiwa limegeuzwa. Kwa kuwa katika kila mpigo flipuflopu moja tu hubadilika, mshituko wa umeme ndani ya chipu huwa mdogo na wa namna moja daima, na wimbi litokalo huwa na nusu mbili sawa. Kwa kugawanya kwa 4 zinahitajika flipuflopu mbili, na hali zake nne ndizo hali zote ziwezekanazo, kwa hiyo hakuna njia ya kupotea. Kwa kugawanya kwa 10 zinahitajika tano, na hapo pana hadhari: tano zina hali 32, kumi ndizo za haki, na zile 22 zilizobaki ni upotevu ambao pete ikiangukia humo, labda kwa sababu umeme ulikatika ukarudi kwa kusitasita kama ufanyavyo mara nyingi, itazunguka humo humo milele. Andika sharti fupi liirudishe njiani: flipuflopu ya kwanza na ya mwisho zikiwa zote sifuri, basi zile za katikati nazo zifanywe sifuri katika mpigo ufuatao.

Baada ya pete, weka flipuflopu moja zaidi kwa kila wimbi litokalo, isiyofanya kazi nyingine ila kulipokea jawabu na kulitoa nje kwa ukingo wa saa ile ile. Hapo ndipo pa kumkagua mtumishi wako, yaani programu itafsiriyo maandishi yako ya VHDL au Verilog, kwa maana programu hizo zimeelimishwa kubana nafasi, nazo zikiona flipuflopu isiyoongeza maana huifuta bila kuuliza. Kwa XC9572XL utatumia ISE, ambayo toleo lake la mwisho ni 14.7 la mwaka 2013, na kwa EPM240 utatumia Quartus. Zote mbili hutoa ripoti mwishoni, na katika ripoti hiyo ndimo uhakikishe kwamba flipuflopu ya mwisho ipo, na kwamba kutoka kwayo hadi mguuni hakuna mantiki iliyojipenyeza. Yule atakaye usafi wa kupindukia na aiweke flipuflopu hiyo nje ya chipu kabisa, iwe peke yake, yenye umeme wake, ikiamshwa moja kwa moja na megahezi 100. Hapo CPLD hubaki na kazi ya kusema ni ukingo upi utoke, na wakati halisi wa kutoka huamuliwa na mwingine. Ni hatua ya gharama ndogo yenye manufaa makubwa, nami ningeipendelea kuliko kununua chipu ya bei kubwa.

Jambo ambalo waandishi wengi hulipita upesi, nami nitakawia hapo, ni majirani. Kila mguu wa chipu ubadilikapo huvuta umeme kwa ghafla, na waya mwembamba uiunganishao chipu na athi hupandwa na volteji ndogo kwa nanosekunde chache, na volteji hiyo huwasogeza majirani wote. Je, kusogezwa huko kuna madhara? Jawabu linategemea kipindi. Usumbufu ujao kila mara pamoja na wimbi lako, katika sehemu ile ile ya kipindi, huzisogeza kingo zote kwa kiasi kimoja, na kwa hiyo hauonekani popote. Megahezi 25 haiwezi kusumbuliwa na hesabu yake yenyewe. Lakini wimbi la megahezi 10 likitoka katika chipu hiyo hiyo litazigusa kingo za megahezi 25 kwa mpango unaojirudia mara milioni tano kwa sekunde, nawe utaona vistari vya uongo vilivyo megahezi 5 kando ya wimbi lako. Kwa LNB hilo linasameheka, kwa sababu mtambo wake wa kukuza frikwensi haufuati mabadiliko ya kasi hiyo, na tunachosikiliza kina upana wa nusu megahezi tu. Lisilosameheka ni kuendelea kugawanya katika chipu hiyo hiyo hadi mpigo mmoja kwa sekunde, kwa ajili ya kulinganisha osileta na GPS: mnyororo huo unahitaji flipuflopu 27, na kila moja huleta usumbufu wenye mwendo wa chini zaidi kuliko iliyotangulia, hata vistari vijae hezi chache tu kando ya wimbi, mahali ambapo hakuna kichujio kiwezacho kuviondoa. Mnyororo mrefu upewe chipu ya pili, ilishwe na megahezi 10 zilizokwisha kutoka, na uwe na umeme wake.

Mfano wa jirani mbaya kuliko wote umo katika zile bodi ndogo za EPM240 ziuzwazo kwa bei nafuu, ambazo aghalabu hubeba osileta yake ya megahezi 50 kwa ajili ya mazoezi. Ukiiacha ikifanya kazi, haitakuwa megahezi 50 kamili. Itapotoka kwa hezi mia kadhaa au elfu moja mbili. Kingo za megahezi 25 huuona usumbufu wake kila baada ya mizunguko miwili, basi kile kilichokuwa mbali kwa megahezi 25 hukunjika kikawa mbali kwa hezi elfu moja, na LNB hukikuza kwa desibeli 52, nacho huketi katikati ya mazungumzo unayotaka kuyasikiliza. Iondoe kwa pasi ya kulehemu; kuiacha bila kuitumia katika maandishi yako hakutoshi, maana bado inapiga mlangoni. Kadhalika usiiamshe osileta ya ndani ya EPM240 yenyewe. Miguu isiyotumika ipangwe kuwa athi, na ishikwe na athi ya ubao; kwa ile itumikayo, wimbi safi lipewe mwendo wa kasi na mengine yote yapewe mwendo wa taratibu, kila moja na risista ya omu 33 au 47 karibu na mguu wake.

Kuhusu umeme wa kuilisha chipu, fanya hesabu nawe utaogopa. Tuseme ucheleweshaji kutoka saa hadi mguu ni nanosekunde 5, na tuseme hupungua kwa kadiri ile ile ambayo volteji huongezeka. Basi milivolti 1 katika volti 3.3 ni sehemu tatu katika elfu kumi, na sehemu tatu katika elfu kumi za nanosekunde 5 ni pikosekunde 1.5, karibu sawa na kile tulichokuwa tukikipigania katika ukingo uingiao. Regyuleta ya AMS1117 iliyo katika bodi za bei nafuu ina kelele za kutosha kuiharibu kazi yote. LT3042, ambayo kelele zake kati ya hezi 10 na kilohezi 100 ni mikrovolti 0.8, inafaa sana, maadamu chipu yako haivuti zaidi ya miliampea 200. Na asiyeipata na aweke transista moja yenye risista na kapasita kubwa katika beisi yake baada ya regyuleta ya kawaida, iuchuje umeme kabla haujafika kwenye chipu. Usitumie kigeuzi cha kukatakata umeme mahali popote karibu na ubao huu. Betri ni bora kuliko chaja yoyote, tena kwa Mwanza betri ina fadhila ya pili, kwani TANESCO ikikata umeme osileta yako haitapoa. Na osileta ya kijumba cha joto ikipoa, huchukua muda kurudi katika utulivu wake.

Katika kuchagua chipu usivutwe na ukubwa. XC9572XL ina seli 72, inatosha na kusalia, lakini jihadhari na ile ya daraja la 10, ambayo mpaka wake ni hizo megahezi 100 zenyewe. Chukua ya daraja la 7 au la 5. EPM240 ina kasi ya kutosha, ila umeme wa kiini chake hushushwa ndani kwa ndani hadi volti 1.8, na huwezi kuusafisha. Anayejifunza anaweza kuanza na ATF22V10, chipu ya miguu 24 ichomekwayo katika soketi bila kuhitaji mkono wa sonara, yenye seli kumi, ambazo zinatosha pete ya tano na pete ya mbili pamoja na milango yake. Kwayo asijaribu megahezi 100, bali aanze na 10 ili azielewe kanuni. Ama FPGA kubwa, pamoja na mitambo yake ya ndani ya kukuza saa, hiyo ni karamu ya maelfu ya majirani, na ule mtambo wa ndani hutikisika kuliko osileta yoyote utakayoinunua. Ukilazimika kuitumia, saa isipite kabisa katika mtambo huo.

Kipimo cha kazi hii si osiloskopu. Osiloskopu ya fundi itakuonyesha kwamba wimbi lipo na lina nusu mbili sawa, lakini mtikisiko wa pikosekunde moja umejificha ndani ya unene wa mstari wake. Jenga vigawanyi viwili vilivyo sawa, uvilishe kutoka osileta moja, kisha uvilinganishe katika miksa ya daiodi, kwa mfano ADE-1. Kelele za osileta zitafutana kwa kuwa zimefika pande zote mbili, na zitakazobaki ni za vigawanyi vyenyewe. Miksa huitaka fezi moja iwe nyuma ya nyingine kwa digrii 90, na hapa pete iliyopindwa hukupa zawadi: katika kugawanya kwa 4, flipuflopu ya pili iko nyuma ya ya kwanza kwa digrii 90 kamili, basi chukua ya kwanza kutoka ubao mmoja na ya pili kutoka ubao wa pili, ukiwa umezianzisha pete zote mbili pamoja kwa waya mmoja wa kuzirudisha sifuri. Kwa kugawanya kwa 10, digrii 90 ni mipigo miwili na nusu, nawe utaipata ile nusu kwa kuutumia ukingo wa kushuka wa saa. Mguu wa volti 3.3 kupitia omu 47 hutoa kiasi cha desibeli 10 juu ya miliwati moja, kwa hiyo weka kipunguzi cha desibeli 3 kabla ya miksa. Kitokacho kichujwe, kikuzwe, kiingizwe katika kadi ya sauti ya kompyuta, ambayo ikisoma mara 96,000 kwa sekunde huona hadi kilohezi 48 kando ya wimbi. Ili kujua ni volti ngapi zinazolingana na radiani moja, kilishe kigawanyi kimoja kwa osileta nyingine kwa muda, upime kilele cha wimbi la mpigano. Na kwa kuwa vigawanyi ni viwili na vinafanana, toa desibeli 3 katika jawabu.

Ikibaki kupeleka megahezi 25 juu ya paa, usiitie LNB volti 3.3 nzima, ondoa kristali yake, upitishe katika kapasita ndogo, na usizidishe volti moja toka kilele hadi kilele. Kebo iingie kwa transfoma ndogo isiyounganisha athi ya nyumba na athi ya dishi, kwa sababu mbili: ya kwanza, mzunguko wa athi huleta mvumo wa hezi 50 wa umeme wa mji ndani ya saa yako; ya pili ni radi. Dhoruba za ziwa hili aghalabu huumuka usiku na alfajiri, wakati pepo za nchi kavu zitokazo pande zote zikutanapo juu ya maji, na transfoma hiyo ndogo haitakulinda na radi iliyopiga karibu. Dishi liwe na fito yake ya athi, na kebo ichomolewe kabla ya kulala. Kupokea ni kazi ya masikio, lakini atakaye kurusha sauti yake kwenda kwenye setilaiti sharti kwanza apate leseni ya TCRA.

Hatimaye itafute ile alama ya QO-100 iliyo katika megahezi 10,489.750 na uitazame katika skrini. Kama pembezoni mwake pana vistari vilivyo hezi 50 au 100 kando, rudi kwenye athi na umeme. Kama pana kistari kimoja kinachohama polepole kadiri bodi ipatavyo joto, tafuta osileta uliyoisahau. Na kama pembezoni mwake panafanana uwe unailisha LNB kwa kigawanyi chako au kwa kristali nzuri ya megahezi 25, basi kelele zilizobaki ni za LNB yenyewe, na hapo uache kukihangaikia kigawanyi.